Mwanangu ana mzio wa mayai, baba yake hataki achanjwe mafua

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Coventry, Uingereza, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili. Sisi ni watu wa Unguja. Nakuomba usinitaje jina, maana jamaa zetu wengi, wa huku na wa nyumbani, wanasoma safu yako.

Mtoto wetu wa kwanza ana miaka mitatu na ana mzio wa mayai. Tulijua siku ya Idi, alipokuwa na mwaka na nusu, tulipokwenda kuamkia watu. Mwenye nyumba alimpa katlesi, naye akaila nusu tu. Nilikuwa nimempakata. Kwanza nikaona anajikuna shingo, mara mdomo wa juu ukaanza kujaa. Vipele vikamtoka tumboni, vikubwa, vikaungana. Akatapika, kisha akawa anakohoa kikohozi kikavu na sauti ikawa haitoki vizuri. Mume wangu ndiye aliyembeba hadi barabarani kungojea gari la wagonjwa. Walipofika wakamchoma sindano ya adrenalini palepale pajani, na baada ya muda mfupi akalia kwa sauti yake. Usiku ule tulilala naye wodi ya watoto. Tangu siku hiyo tuna kalamu za adrenalini, zile sindano za dharura, nyumbani na nasari, na yai haliingii jikoni mwangu.

Ana pumu pia. Pampu ya kahawia anapigwa asubuhi na jioni, ile ya buluu kifua kikimbana. Msimu wa baridi uliopita alipata mafua yale makali, homa haishuki, kifua kinalia miluzi, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Nilimwangalia mbavu zinavyoingia ndani kila akivuta pumzi. Sitaki kuyaona tena.

Sasa imekuja barua ya kituo chetu cha afya kwamba mtoto aende akapate chanjo ya mafua, ile ya kupulizwa puani. Mimi nataka aende. Mume wangu kakataa katakata. Anasema amesoma mwenyewe kwamba chanjo hiyo inatengenezwa ndani ya mayai. "Mayai yalitaka kumuua, leo nimpeleke akapuliziwe mayai puani?" Na ana hoja nyingine ambayo mimi sina jibu lake. Mwaka jana tulitaka kwenda nyumbani kwa kupitia Addis Ababa, tukae kidogo kwa kaka yake. Nesi wa chanjo za safari aliposikia habari ya ile Idi, alikataa kumchoma mtoto chanjo ya homa ya manjano kwa sababu hiyo hiyo ya mayai. Safari ikavunjika. Mume wangu anauliza, yule alikataa, hawa wanaita kwa barua, mkweli ni nani?

Shoga yangu mmoja akaongeza kwamba ndani ya hiyo chanjo ya puani mna nguruwe. Mamkwe kila siku anatuma ujumbe wa sauti kutoka Unguja: mpe mtoto habasoda na asali, na yule mdogo naye mlambishe, zamani tulilea bila machanjo haya. Mdogo ana miezi minne. Dada yangu yuko Columbus, Marekani, yeye anasema daktari wa wanawe siku hizi haulizi hata habari ya mayai, anachanja tu. Kila mtu ana lake, kichwa kinaniuma.

Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mchana analala. Nimefikiria nimchukue mtoto kimya kimya, akachanjwe, turudi kabla baba yake hajaamka. Nikimpeleka akapatwa na yale ya Idi, sitajisamehe. Nisipompeleka akarudi kwenye oksijeni, pia sitajisamehe. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Coventry

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakupa pole, wewe na baba watoto. Nyote wawili mmeshamwona mtoto akishindwa kupumua, kila mmoja ameshika la kwake, na sasa mnavutana juu ya lipi lisirudi. Wewe unaogopa mafua, yeye anaogopa mayai. Nataka tuanzie hapo, kwa sababu ukiisoma tena barua yako utaona hamtofautiani katika jambo lenyewe: hakuna kati yenu anayezichukulia pumzi za mtoto huyu kwa wepesi.

Mimi si daktari, na sitajifanya ninaweza kuupima mzio wa mtoto nisiyemwona. Lakini hoja za mumeo zinastahili kujibiwa moja moja. Ni hoja za mtu aliyesoma, na nusu yake ni kweli.

Kweli ya kwanza: chanjo nyingi za mafua zinatengenezwa kwa mayai. Tangu miaka ya 1940 virusi vya mafua vimekuwa vikioteshwa ndani ya mayai ya kuku yaliyorutubishwa, kisha vinavunwa na kusafishwa. Baada ya kusafishwa hubaki chembe za protini ya ute mweupe wa yai, na protini hiyo ndiyo inayowasumbua wengi wenye mzio. Ya kujiuliza ni inabaki kiasi gani. Yai moja la kuku lina takriban gramu 6 za protini. Katika dozi ya chanjo hii ya puani kinachobaki hakifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Katlesi ya Idi ilichovywa kwenye yai ikakaangwa; alichokula mwanao siku ile na kilichomo ndani ya chanjo vinatoka kwenye yai vyote viwili, lakini kwa kipimo viko mbali mno.

Mumeo anaweza kusema, vipimo ni vya kwenye karatasi, nionyeshe watoto. Watoto wapo, tena wa huko huko Uingereza. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 30 juu ya watoto na vijana 779 wenye mzio wa mayai, wa kuanzia miaka miwili hadi 18, waliopewa chanjo ya puani. Kati yao 270 walikuwa wameshapata ule mzio mkali wa mwili mzima, ambao madaktari huuita anafilaksisi, kwa sababu ya mayai. Wengi walikuwa na pumu au kifua cha kubana. Wachache walipata dalili ndogo za hapa na pale zilizopita. Hakuna hata mmoja aliyepata mzio wa mwili mzima. Naitaja idadi hiyo ya 270 kwa sababu mwanao angekuwa mmoja wao. Utafiti haukuwaacha nje watoto wa aina yake.

Baada ya hapo kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu chanjo ilikubali kwamba watoto wenye mzio wa mayai wachanjwe popote wanapochanjwa wenzao. Wakaweka pembeni kundi moja dogo: wale ambao mayai yaliwapeleka hadi chumba cha wagonjwa mahututi. Hao hutafutiwa chanjo isiyo na mayai au hupelekwa kwa daktari bingwa kwanza. Wewe umeniandikia kwamba mlilala wodi ya watoto. Ninavyofahamu wodi ya watoto si chumba cha mahututi, lakini usiitegemee kumbukumbu ya usiku kama ule, wala ufahamu wangu. Omba kituo chenu kiangalie barua ya kutoka hospitali, wakusomee kilichoandikwa.

Dada yako wa Columbus naye yuko sahihi kwa nchi aliyopo. Zamani Marekani walikuwa na masharti kwa mwenye mzio mkali wa mayai, kwamba achanjwe mahali penye uangalizi wa kitabibu. Mwaka 2023 waliyaondoa, na sasa anachanjwa kwa tahadhari zilezile za mtu mwingine yeyote.

Sasa tuje kwa nesi wa chanjo za safari, maana naona huyu ndiye aliyemtia mumeo shaka kubwa. Ningekuwa mimi ningeshika pale pale: mayai yaleyale, mtoto yuleyule, majibu mawili. Lakini wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Chanjo ya homa ya manjano nayo huoteshwa kwenye mayai, ila hubakiwa na protini nyingi zaidi ya yai kuliko chanjo za mafua za siku hizi, na mwongozo wa Uingereza unakataza kuwapa watu waliothibitishwa kupata anafilaksisi ya mayai. Nesi yule alifanya kazi yake, akamlinda mwanenu. Na kwa upande mwingine iko chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ambayo huoteshwa kwa seli za kifaranga, na hupewa watoto wenye mzio mkali wa mayai bila sharti la ziada. Itazame kadi ya mwanao, huenda hiyo ameshapata. Kwa hiyo "ina mayai" peke yake haitoshi kuamulia. Kila chanjo ina hesabu yake.

Ninakuomba umweleze mumeo hili kwa namna itakayompa haki yake. Usimwambie "umekosea". Alimsikia mtaalamu akisema hapana kwa mtoto wake, akaishika hapana hiyo. Baba gani angeitupa?

Juu ya nguruwe, shoga yako hakukudanganya. Chanjo ya puani inayotumika Uingereza ina gelatini inayotokana na nguruwe, huwekwa ili virusi dhaifu vilivyomo visiharibike. Wanazuoni wametofautiana. Mwaka 1995 kikao cha wanazuoni na madaktari wa Kiislamu kilichokutana Kuwait kiliona kwamba kitu kikishageuka kabisa dhati yake hukumu nayo hugeuka, na gelatini wakaihesabu humo. Wako wengine wasiokubali. Hilo ni la dini yenu na moyo wenu, siliingilii. Ninachokufahamisha ni kwamba mzazi asiyeitaka kwa sababu hiyo anaruhusiwa kuomba ya sindano, na ya sindano haina gelatini ya nguruwe.

Na hapa pana kitu ambacho huenda nyumbani kwenu hakijatajwa kabisa. Baadhi ya chanjo za sindano hazioteshwi kwenye mayai, huoteshwa kwa seli katika maabara, na mara nyingi hiyo ndiyo watoto wa umri wa mwanao hupewa huko wakikosa ya puani. Ukipiga simu kituoni uliza waziwazi: mnayo chanjo ya sindano ya seli, isiyo na mayai, ya mtoto wa miaka mitatu? Pengine ugomvi mzima mlio nao ni wa chanjo moja tu kati ya mbili zilizopo. Sindano ina kero zake: mkono utauma, homa kidogo inaweza kumpata, na mtoto aliyeshachomwa pajani siku ya kutisha anaweza kuiona sindano akapiga mayowe. Ya puani haiumi, ni mpulizo mdogo kila tundu la pua, ingawa inaweza kumwachia makamasi na uchovu wa siku chache.

Sitaki pia uondoke na fikra kwamba chanjo haina hatari hata chembe. Chanjo yoyote inaweza kumletea mtu mzio mkali. Hesabu kubwa iliyofanywa Marekani iliona kama mara moja kwa kila dozi milioni moja, na mwenye mzio wa mayai na asiye nao wote wamo katika hesabu hiyo. Hutokea zaidi katika dakika za mwanzo, ndiyo maana wachanjaji huwa na adrenalini mkononi. Mnaweza kuomba mkae pale kituoni muda kidogo baada ya chanjo, hata kama mwongozo hauwalazimishi. Tena haizuii mafua yote. Kuna miaka inalingana vizuri na virusi vinavyozunguka, na kuna miaka hailingani sana.

Katika barua yako pumu umeitaja kwa mistari michache, kisha ukarudi kwenye mayai. Mimi imenikaa zaidi. Mafua humwelemea mtoto mwenye pumu kuliko mwenzake, na nyinyi mmeshaona. Kumwacha bila chanjo nao ni uamuzi wenye hatari yake, ingawa kwa baba yake huenda unaonekana kama kutofanya kitu. Lakini pumu hiyo hiyo inaweza kuahirisha chanjo ya puani: ikiwa kifua kinalia miluzi siku hiyo, au amehitaji pampu ya buluu kuliko kawaida katika saa 72 zilizotangulia, mwambie nesi kabla hajafungua kichupa. Watangoja apoe au watamtafutia ya sindano. Na kwa kuwa anatumia pampu ya kahawia kila siku, uliza kama anahesabiwa katika kundi la hatari, maana watoto wa kundi hilo wenye chini ya miaka tisa, wakiwa hawajawahi kuchanjwa mafua, huandikiwa dozi mbili zinazoachana wiki nne. Bora baba yake alijue hilo mapema, kuliko asikie mara ya pili baada ya kukubali mara ya kwanza.

Tulifikie lile la kimya kimya. Ninaelewa limetoka wapi. Umechoka kubishana na mtu anayeamka jioni ukiwa wewe umeshika mtoto mmoja mkononi na mwingine mguuni. Kisheria huko kwa kawaida ridhaa ya mzazi mmoja hutosha. Lakini mwongozo wao unasema wazazi wakijulikana kuwa wanapingana, mtoto asichanjwe mpaka wakubaliane au mahakama iamue. Nesi akikuuliza "baba yake anasemaje?", utamjibu nini? Na tuseme hakuuliza. Mtoto amerudi, makamasi yanamtoka, usiku kifua kinambana na wewe umelala na mdogo. Baba ndiye atakayekuwa na kalamu mkononi bila kujua mchana kulitokea nini. Halafu siku akijua, na watoto wa miaka mitatu hawana siri, hofu yake ya mayai haitakuwa imepungua, na hapo juu yake itakuwa imeongezeka hofu ya kukuachia watoto. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi kuliko mpulizo wenyewe. Uamuzi ni wako. Nimekuwekea wazi ninachokiona.

Njia nyingine ni ndefu kidogo. Badala ya kumwomba akubali chanjo, mwombe akubali miadi tu: nyote wawili, na nesi au daktari wa familia, saa ambayo hajatoka zamuni amechoka. Yeye ndiye aulize. Aulize habari ya homa ya manjano, aulize ya seli, aulize wanafanya nini mtoto akianza kuvimba pale pale. Kama hataridhika, iko kliniki ya mzio ya hospitali, ambako nadhani mwanao tayari ana faili kwa sababu ya kalamu zile. Wapo watoto ambao wataalamu huamua wachanjwe hospitalini kwa sababu ya wasiwasi wa wazazi au historia yao. Hasara yake ni kungoja, na mafua huko hayangoji. Miadi ya hospitali inaweza kuja baridi imeshaingia. Kliniki hiyo pia ndiyo itakayowaambia kama mzio wenyewe bado upo kwa ukali ule. Watoto wengi huuacha mzio wa mayai wanapokua, lakini hilo hupimwa huko, halijaribiwi na katlesi nyumbani.

Nina swali moja ambalo ungemuuliza mumeo siku isiyo na ugomvi. Siku ile ya Idi, alipokuwa barabarani na mtoto begani, aliona nini? Wewe umenieleza vizuri ulivyoona ulipokuwa umempakata. Ya kwake hukuniandikia, na nimejiuliza kama ameshawahi kumweleza mtu.

Mamkwe mwache na mapenzi yake. Habasoda na asali si wapinzani wa chanjo, na mzee akituma dua na dawa kutoka mbali anatafuta namna ya kuwemo. Ila kwa mdogo shika msimamo: asali asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Mwambie kwa adabu kwamba ni amri ya daktari, naye asiione ni dharau yako.

Na huyo mdogo mwenyewe, kwa miezi yake minne, hawezi kuchanjwa mafua. Huanzia miezi sita. Kinga yake kwa sasa ni watu wanaombusu. Mtu mzima mwenye afya huko huenda asipewe bure, lakini maduka ya dawa huuza. Pengine hapo mnaweza kuanza bila kubishana, wewe na mumeo, hata kabla hamjaafikiana juu ya yule mkubwa. Mwulize kama yeye mwenyewe yuko tayari kuchomwa, na jibu lake, liwe lipi, niandikie.